Shemeji asema hoteli haikimbii, lakini mtaji wangu unakwisha

BARUA

Mshauri, as-salaam alaykum.

Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Mombasa. Kazi yangu ni kusaga na kufunga viungo: bizari ya pilau, masala ya chai, mdalasini, pilipili manga, iliki. Nilianza mwaka 2015 jikoni kwetu Majengo, kwa kinu cha mkono, nikiuza vipakiti vya shilingi kumi. Leo, alhamdulillah, nina mashine mbili, chumba cha kukodi Kisauni na wasichana wanne wanaofunga.

Miaka yote hiyo niliuza taslimu. Wenye maduka wa soko la Marikiti walinizoea hivyo, na sikuwahi kukosana na mtu.

Mwaka jana mume wa binamu yangu, ambaye ni afisa wa ununuzi katika kampuni yenye hoteli tatu za kitalii hapa pwani, aliniunganisha nao. Sharti lao lilikuwa kulipa baada ya siku 30. Nilifurahi hata sikuuliza hizo siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini. Hatukuandikiana kitu zaidi ya LPO, zile hati za kuagizia mzigo, wanazonitumia, na hata hizo si zote. Mara moja shemeji alinipigia simu nipeleke mzigo haraka, akasema LPO ingekuja baadaye. Sikuiona.

Miezi sita ya kwanza walilipa, wakichelewa siku tano au kumi. Tangu masika yaanze wamenyamaza. Kila wiki mbili napeleka mzigo wa shilingi 128,000, na sasa ankara tano hazijalipwa, jumla yake 640,000. Ya zamani zaidi ina siku 74, ya mwisho siku 18. Nikimpigia shemeji anacheka: "Shemeji, hoteli haina miguu, itakimbilia wapi? Ngoja Agosti wageni wakija."

Wanaoniuzia mimi hawangoji Agosti. Iliki na pilipili manga nanunua kwa mtu wa Muheza, Tanzania, naye anataka pesa yake kabla mzigo haujavuka mpaka wa Lunga Lunga. Wasichana nawalipa kila Jumamosi. Watoza kodi wa KRA nimeshawapelekea VAT ya zile ankara tatu za mwanzo, kodi ya pesa ambazo sijazitia mkononi. Zamu yangu ya chama, shilingi 300,000, niliyoiwekea karo ya mwanangu wa chuo ifikapo Septemba, yote nimeitia kwenye mzigo.

Kaka yangu anasema nisimamishe leo leo, nisipeleke hata kijiko. Mama yangu ananikumbusha kwamba Qur'ani inatuambia mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Nami nikimfikiria shemeji nanyong'onyea. Mume wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyetushika mkono. Nitamdai vipi nisionekane mtovu wa shukrani? Halafu kijana mmoja wa idara yao ya uhasibu alininong'oneza kwamba wanaolipwa mapema ni wale "wanaokumbuka chai". Sikumjibu.

Juu ya hayo, supamaketi moja yenye matawi manne inataka bidhaa zangu. Wao wanalipa baada ya siku 60, na visivyouzwa wanarudisha. Kila mtu ananiambia hiyo ndiyo nafasi ya kukua.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Kuna mzee mwenye duka Marikiti ambaye amenunua kwangu taslimu tangu ile siku ya kinu cha mkono. Juzi alinambia taratibu, "Mwanangu, nasikia wenye hoteli wawapa mali kauli. Mimi nimekukosea nini?" Nilikosa la kusema. Nisaidie.

Mwenye Bizari, Mombasa

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Swali la yule mzee limenikaa moyoni siku mbili, na nitalirudia. Lakini kwanza tuhesabu pamoja, kwa sababu nahisi umeubeba mzigo huu kama furushi moja la hofu, na furushi likifunguliwa huwa na vitu vya aina tofauti.

Unasema unawadai shilingi 640,000. Kwa sharti lenu la siku 30, ankara ya siku 18 bado haijafika siku yake. Zilizochelewa ni nne, 512,000, na kati ya hizo moja imepita siku yake kwa siku mbili tu. Siyasemi haya kuwatetea. Nayasema kwa sababu utakapoketi nao, ukitaja 640,000 kuwa zote zimechelewa, mhasibu atakayefungua daftari atakukosoa hapo hapo, na mazungumzo yatageuka yawe ya makosa yako. Ukienda na karatasi moja yenye tarehe ya kila ankara, namba ya LPO, kiasi na siku zilizopita, hakuna wa kukuyumbisha.

Hebu pia tuitazame ankara moja. Hukuniambia faida yako, basi tuchukue mfano wa ishirini katika kila mia. Wewe badilisha kwa hesabu zako. Katika 128,000, mtaji uliotoka mfukoni mwako ni 102,400 na faida ni 25,600. Ankara hiyo ikipotea kabisa, itakubidi uuze na kulipwa nyingine nne nzima ili mtaji ule urudi, na hapo bado hujapata shilingi ya kwako. VAT ya zile tatu za mwanzo, kama bei zako zimeijumlisha, ni kama 53,000, kabla ya kupunguza humo kodi uliyolipa kwenye manunuzi. Kodi hiyo haiangalii kama mteja amelipa. Ankara ikishatolewa, tarehe 20 ya mwezi unaofuata inakungoja wewe. Kwa hiyo wakati unawakopesha hoteli, unalipa kodi kwa niaba yao pia. Nadhani hili ndilo lililokula pesa za chama bila wewe kuliona likila.

Sasa maneno ya mama yako. Ni aya ya 280 ya Suratul Baqara, na mama amesema kweli. Lakini hatua mbili mbele yake ipo aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na yote inahusu kuliandika deni: muda wake utajwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Mwenyezi Mungu ameziweka karibu, ya huruma na ya maandishi. Wewe umeshika ya kwanza kwa moyo wote. Ya pili hukupewa nafasi, kwa kuwa aliyekuja alikuja kama jamaa.

Tena aya ya huruma inamtaja mwenye dhiki. Je, hoteli hizi zina dhiki? Sijui, na nadhani nawe hujui. Umeambiwa na mtu mmoja, kwa kicheko, kwenye simu. Ni kweli kwamba pwani yetu kuanzia Aprili hadi Juni wageni huwa wachache na hoteli hubana matumizi, nyingine hata hupumzisha wafanyakazi. Lakini lipo la kuchunguza bila kumkosea mtu: anayewapelekea samaki amelipwa? Wa mayai je? Wafanyakazi walipata mshahara wa mwezi uliopita? Wauzaji hukutana langoni wakingoja kupimiwa mzigo, na huko ukweli hauna mlinzi. Ikiwa wote wanalia, hapo pana dhiki ya kweli, na huruma ina mahali pake, ila na hatari imeongezeka kwa sababu hoteli inayoshindwa kulipa samaki inaweza kufungwa. Ikiwa wenzako wamelipwa na wewe hujalipwa, basi deni lako limekwama mahali fulani ndani ya ofisi yao, nalo linahitaji kukwamuliwa.

Na ningeanza kuangalia kwenye ile LPO ambayo hukuiona.

Nieleze jinsi ofisi kama hizo zinavyolipa, maana wengi wetu tuliozoea taslimu hatujui. Mzigo unapokelewa na mweka stoo, anatia saini na muhuri kwenye karatasi ya kupokelea. Karatasi hiyo inakwenda kwa uhasibu, inalinganishwa na LPO na ankara yako ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA. Vikilingana vitatu, ankara inaingia kwenye foleni. Kisha kuna siku maalumu ya malipo, labda mara moja kwa mwezi, na mkubwa wa kutia saini lazima awepo. Kisipolingana kimoja, mfano kilo 20 za iliki zimeandikwa 18, au namba ya LPO haipo, ankara inawekwa pembeni. Hakuna anayekupigia kukuambia. Na mara nyingi mhasibu huzuia hata zile za nyuma yake mpaka hesabu isawazike. Shemeji yako, kama afisa wa ununuzi, anaweza kuwa hajui lolote kuhusu hilo. Kazi yake inaishia kwenye kuagiza. Umekuwa ukimdai mtu asiyeshika kalamu ya hundi.

Hapa ndipo naona nafuu yako kuhusu shukrani. Unaweza kumwondolea shemeji mzigo huu badala ya kumwongezea. Mpigie, umwambie hivi kwa maneno yako: "Shemeji, wema wako kwangu siusahau, na sitaki deni hili likae kati yetu sisi wawili. Nipe jina la anayeshughulikia malipo, na unipatie LPO ya ule mzigo wa simu, nifuatane nao mimi mwenyewe." Hujamtuhumu. Akikasirika kwa maneno hayo, utakuwa umejifunza kitu, lakini sidhani atakasirika. Wengi wa walio katika nafasi yake huona aibu kuliko tunavyodhani, na kile kicheko huenda ni aibu.

Uliuliza kama kudai ni utovu wa shukrani. Nami nakuuliza: msaada aliowapa mume wako alipolazwa ulikuwa wa kwake, kutoka mfukoni mwake. Deni hili ni la kampuni. Anayefaidika na ukimya wako ni nani?

Kuhusu chai, ulinyamaza, na nakushukuru kwa kunyamaza huko. Tujiulize tu ukitoa nini kitafuata. Utakuwa umeweka bei ya kulipwa haki yako, na mwezi ujao bei haitashuka. Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na kampuni binafsi zimo ndani yake. Kijana yule akiondoka kazini, siri yako inabaki kwa wenzake.

Tuje kwa ushauri wa kaka yako wa kusimamisha mzigo. Ushauri huo una nguvu yake: kadri unavyoendelea kupeleka, ndivyo wanavyokosa sababu ya kuharakisha, na ndivyo unavyoogopa zaidi kuwakera kwa sababu walichokushikia kimekuwa kikubwa. Hatari yake ni kwamba ukikata ghafla bila kusema, wanaweza kuchukua kwa mwingine, na deni lako likawa la muuzaji wa zamani, ambalo katika foleni hukaa mwisho. Ukiendelea kama ulivyo nako kuna hatari, tena ina tarehe. Mizigo mitatu zaidi bila malipo inakupitisha shilingi milioni moja. Kwa nini nataja milioni? Nitaeleza hapo chini.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo nimeiona ikiwafaa wauzaji wengi wadogo. Mzigo mpya unalipwa unapofika, na kila unapolipwa mpya, ankara moja ya zamani inalipwa nayo, nzima au nusu. Hoteli inaendelea kupata bizari, wewe unaendelea kupata pesa ya Muheza, na deni linashuka kwa hatua mnazoziona wote. Liandikwe kwenye barua pepe au hata WhatsApp, lakini litoke kwa mhasibu au meneja mwenyewe. Wakikubali na kuvunja mara ya kwanza, utakuwa na jibu bora kuliko lolote ninaloweza kukupa mimi. Ubaya wake ni kwamba hoteli isiyo na pesa kweli itakataa, na utajikuta umerudi kwenye chaguo la kaka yako. Njia nyingine ni kuweka kikomo. Ukae na daftari lako, uone ni kiasi gani kinaweza kukaa nje na bado Jumamosi wasichana wapate haki yao. Labda ni ankara mbili. Ya tatu haitoki mpaka ya kwanza ilipwe. Kikomo hicho ukijua wewe peke yako hakina nguvu. Wakijua nao, wataanza kukupanga mbele.

Kuna mahakama pia, na sikuambii uende, nakuambia ujue ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo ipo Mombasa, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Deni lako la leo linaingia humo. Likivuka milioni, utalazimika kuachilia kinachozidi au kwenda mahakama nyingine ndefu zaidi. Huna haja ya kukimbia, kwa kuwa madai ya mkataba yana miaka sita. Lakini utakachoulizwa ni LPO, karatasi zenye muhuri na makubaliano ya siku 30. Zitafute sasa, usingoje ugomvi. Hivyo hivyo Sheria ya Ushindani, tangu marekebisho ya 2019, inahesabu kumcheleweshea muuzaji malipo kinyume na masharti mliyokubaliana, bila sababu ya haki, kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Nako watauliza: masharti gani, yameandikwa wapi?

Supamaketi nayo inakuvuta, na naelewa. Kuona jina lako kwenye rafu ni jambo. Ila piga hesabu kabla ya kupiga picha ya rafu. Kwa siku 60, pamoja na vinavyorudishwa, unahitaji mtaji wa miezi miwili umekaa nje bila kuuhitaji, nawe leo huna hata wa Septemba. Tena sisi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60, iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama Januari 2018 ikiwa inadaiwa mabilioni na wauzaji wake. Kabla yake Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015 huku wauzaji wakidai. Kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana husimama mbele, na muuza viungo asiye na dhamana husimama nyuma kabisa. Sisemi supamaketi hii iko hivyo. Unaweza kuwaomba waanze na tawi moja, kwa siku 30, uone mwezi wa kwanza wanalipa lini. Waulize pia wakupe majina ya wauzaji wawili uzungumze nao. Duka linalolipa vizuri halioni tabu kulitoa jina la anayelipwa.

Na mzee wa Marikiti.

Nimejiuliza kwa nini swali lake limekuuma kuliko deni lenyewe. Labda kwa sababu ametaja ukweli ambao ulikuwa bado hujajiambia: kwamba pesa zake za taslimu, za kila wiki, kwa miaka yote hii, ndizo zilizokuwa zikiwakopesha wenye hoteli. Yeye alikuwa akilipa, wao walikuwa wakisubiriwa. Wala hakukuomba umkopeshe. Amekuuliza amekosa nini.

Unaweza kumpa naye muda, wiki mbili kwa kiasi kidogo, lakini sina hakika kwamba ndicho anachotaka. Njia nyingine ni kuwa na bei mbili zinazojulikana mapema, ya taslimu na ya kauli, mnunuzi achague moja kabla mzigo haujatoka, isibadilike baadaye. Ninaipendekeza hiyo zaidi kuliko kutoza nyongeza kwa anayechelewa, kwa sababu kwa mtu wa imani yako nyongeza ya kuchelewa inagusa mlango wa riba. Muulize sheikh unayemwamini jinsi ya kuipanga, maana hilo si uwanja wangu. Kwa mpango huo mzee atanunua kwa bei ya chini kuliko hoteli, na atajua kwa nini.

Hata kama hujaamua lolote kuhusu hoteli, ningependa uende kwake wiki hii, ukae dukani kwake, umweleze kilichotokea kama ulivyonieleza mimi. Amefanya biashara Marikiti kabla yako. Yawezekana anawajua wenye hoteli hizo kuliko sisi wote, na anajua kama wa samaki amelipwa.

Niandikie tena ukishaipata ile LPO ya simu. Nataka kujua ankara ile ilikuwa imelala wapi.